Waliomzikia Bi Chapa Kompyuta Yake

Nianze kwa kusema kwamba bado nina hasira, na anayetaka hadithi ya upole akaitafute kwingine. Mimi ni fundi cherehani. Nusu ya chumba chetu cha biashara ni yangu, nusu ni ya Bi Chapa, na kati yetu hakuna ukuta. Kuna pazia tu nililolishona mwenyewe kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki. Upande wangu inanguruma cherehani, upande wake zinalia herufi. Tumekaa hivyo miaka mingi tukigawana kodi, umeme, maji ya kunywa na umbea.

Jina la Bi Chapa alipewa na wateja. Anachapa barua za watu: za kuomba kazi, za kumlalamikia mwenye nyumba, za kuomba ruhusa, za kuomba radhi. Anachapa mitihani ya shule ya jirani pia. Ni mwanamke mfupi, miwani imefungwa kamba ikaning'inia shingoni, magoti yanamsumbua akisimama ghafla, lakini akikaa kwenye kiti chake hakuna wa kumfikia. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, naye akamsomesha mtoto huyo kwa vidole vyake, tangu enzi za mashine ya taipu, mpaka kijana akapata shahada, kazi na gari. Mshike vizuri huyo kijana, maana ndiye ninayemkasirikia.

Bi Chapa ana masharti, na wateja wapya huyashangaa. Hachapi neno la mtu asiyekuwepo. Mke akija kuandikisha barua ya mumewe, ataambiwa, "Aje mwenyewe." Kaka akija kumsemea mdogo wake, "Aje mwenyewe." Wala hapokei karatasi uliyoandikiwa na mtu mwingine. Utakaa kwenye kiti cha plastiki mbele yake, utasema, naye atachapa unavyosema. Ukimaliza atakusomea yote kwa sauti, neno kwa neno, hata kama nyuma yako kuna foleni inayosikiliza. Hapo ndipo watu hubadilika rangi. Nimewahi kumsikia mwanamume mzima, aliyekuja kuandikisha barua ya kumwomba radhi mkewe, akisomewa maneno "kama kweli nilikukosea". Akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo 'kama kweli' itoe, mama." Mimi nyuma ya pazia nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie nikicheka.

Sasa kompyuta yenyewe. Ilikuwa ya zamani, sikatai. Skrini yake ni ile yenye kichogo, inayokula nusu ya meza. Herufi za kibodi zilikuwa zimefutika karibu zote, zimebaki zile asizozitumia. Kitufe cha kuwashia kilidumbukia ndani ya kisanduku siku moja kikapotea, nikatoa kifungo cheusi cha koti kwenye kopo langu la vifungo, chenye matundu manne, nikakigandisha kwa gundi. Kikawa kinabonyezeka vizuri kuliko kile cha kiwandani. Kila asubuhi Bi Chapa alikibonyeza, akafagia chumba, akanywa chai, na akirudi kukaa ndiyo kwanza mashine inaamka.

Ugonjwa ulianza kwa kuzimika. Inachapa vizuri, mara pu, giza. Ukiiacha ipoe, inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Tukaivua ubavu mmoja, tukaielekezea feni ya mezani, feni niliyoinunua kwa ajili ya wateja wangu wanaopima nguo. Basi ikawa mteja anatoka jasho, kompyuta inapepewa. Ilisaidia kwa muda. Halafu ikazimika katikati ya mtihani wa hesabu, mwalimu mkuu amesimama mlangoni anaangalia saa, na safari hii haikuwaka mpaka kesho yake.

Hapo kila mwenye mdomo akawa mtaalamu. Kinyozi wa chumba cha pili alikuja na wembe mkononi, amemwacha mtu na nusu ya ndevu, akasema, "Bi Chapa, hiyo tupa. Nunua laptopu, unaibeba kwapani, unaenda nayo popote." Bi Chapa akamuuliza, "Niende nayo wapi?" Kinyozi akarudi kwa ndevu zake. Muuza vocha akasema tatizo ni windo, ipigwe windo upya, yaani ifutwe yote ianze moja. Kwa muuza vocha kila tatizo ni windo. Naamini hata ukimwambia jino linauma atakuambia lipigwe windo.

Bi Chapa mwenyewe hakuwa na ushabiki. "Mimi siipendi," aliniambia tukiwa wawili, "nimeizoea tu. Ikitengenezeka, nitaitengeneza. Isipotengenezeka, nitatafuta nyingine, hata ya mtumba, nianze kuizoea upya. Lakini kazi siachi, mdogo wangu. Nikiacha kazi nitakuwa nani?"

Swali hilo halikuwa la mchezo. Mashine ikifa asipate nyingine, hana kazi, na asipokuwa na kazi, walikuwepo waliokwisha kumpangia pa kwenda.

Mwanawe mtaani tunamwita Bosi, kwa jinsi anavyozungusha funguo za gari kidoleni. Anakaa upande mwingine wa mji na mkewe, ambaye ni muuguzi wa zamu, leo mchana, kesho usiku. Wana watoto pacha wa umri ule wa kupanda kila kitu. Wasaidizi wa nyumbani hawakai kwao. Wa mwisho aliondoka bila kuaga, akaacha hata ndala zake. Tangu mwaka jana Bosi alikuwa na wimbo mmoja kwa mama yake: "Mama, umefanya kazi ya kutosha, njoo nyumbani upumzike." Upumzike! Pacha mmoja yuko juu ya jiko, mwingine yuko kwenye ngazi, wewe na magoti yako katikati, hayo eti ndiyo mapumziko. Mama yake alimjibu kila mara kwa upole ule ule, "Sijachoka, baba."

Basi mashine ilipogoma kabisa, Bosi alifika siku hiyo hiyo. "Mama, usihangaike kabisa. Mimi mwenyewe naipeleka kwa fundi. Ikishindikana, nitakununulia nyingine." Akachomoa nyaya, akakibeba kisanduku kifuani, skrini akaiacha mezani, shati lake jeupe likajaa vumbi wala asijali. Na mimi nilimsifu! Nilisema kwa sauti, mtaa mzima usikie, kwamba mtoto ndiye huyu. Maneno hayo mpaka leo yananikereketa kooni.

Fundi aliyepelekewa ni yule anayejiita Daktari. Kibanda chake kipo nyuma ya soko, kimeandikwa "Hospitali ya Kompyuta" kwa rangi nyekundu, naye ndani huvaa koti jeupe, utadhani anapima watu mapigo ya moyo. Mikono anayo, simnyimi haki yake. Redio yangu aliitengeneza na mpaka sasa inaongea.

Siku chache baadaye Bosi alirudi mikono mitupu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashusha pumzi, akasema kwa sauti ya mtu anayeleta habari za hospitali, "Mama, madabodi imekufa." Madabodi ni ule ubao mkuu wa ndani. Ukifa huo, wanasema, kilichobaki ni bati tupu. "Daktari amejaribu kila njia. Vipuri vyake havitengenezwi tena popote."

"Na vilivyomo ndani?" akauliza mama yake.

"Vimekwenda nayo, mama. Pole sana."

Bi Chapa aliweka mikono juu ya kibodi isiyounganishwa na kitu. Mjue kwamba ndani ya mashine ile ulikuwemo wasifu wa nusu ya vijana wa mtaa. Kijana akipata kibarua kipya, anapita kwa Bi Chapa kuongeza mstari. Akipata cheti, anapita kuongeza mstari. Wengi hawana nakala nyingine popote, wamezoea tu kuja mlangoni na kusema, "Bi Chapa, nitolee ile yangu."

Basi ukawa msiba. Watu waliingia mmoja mmoja na pole zao. Kinyozi alizima muziki wake mpaka jioni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Bibi mmoja aliyekuja kuandikisha barua alikaa asubuhi nzima na Bi Chapa, anatikisa kichwa tu. Mwalimu mkuu naye alikuja, akashukuru kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, akachukua rasimu za mitihani yake akazipeleka kwa wachapaji wa barabara kuu, wenye mlango wa kioo. Bi Chapa alimpa mkono, akamsindikiza mpaka nje, akarudi akakaa.

Bosi alipokuja tena, mama yake alimkumbusha. "Ulisema ikishindikana utanisaidia kununua nyingine."

Akajikuna kisogo. "Mama, nyingine ya nini sasa? Kwa umri wako uanze kujifunza mashine mpya? Mimi naona hii ni ishara."

Ishara! Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini kwa usalama wa watu. "Ishara ya nini?" nikauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Ishara kwamba muda wake wa kupumzika umefika, mama mdogo," akanijibu kwa heshima zote, na funguo zinazunguka kidoleni. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja na gari la mizigo, tumhamishe taratibu."

Na Bi Chapa akakubali. Hilo ndilo lililonikata maini. Nilitaka agombe, apige meza, aseme hapana. Badala yake alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akasema, "Labda ni kweli nimekwisha." Kesho yake akaanza kukunja vitu vyake. Stepla, kalamu, rimu ya karatasi, kalenda ya ukutani, vyote vikaingia kwenye mifuko. Mimi akaniambia nianze kutafuta mtu mwingine wa kugawana naye kodi. Nilishona mikono miwili ya gauni moja upande mmoja siku hiyo, nikafumua, nikashona tena upande ule ule.

Ila jambo moja lilimkosesha raha. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe una mdomo. Nenda kwa Daktari, muulize kama ile diski inaweza kusomwa, hata kidogo. Watoto wa watu wasipoteze kazi zao kwa sababu yangu. Nikishawapa vilivyo vyao, nitaondoka na moyo mweupe."

Nikajifunga kanga, nikaenda.

Hospitali ya Kompyuta nilikuta imejaa vijana wanaojaziwa nyimbo na filamu kwenye fleshi zao. Muziki ulikuwa juu mpaka mabati yanatetemeka. Kwenye kaunta palikuwa na kisanduku kimoja kinafanya kazi hiyo yote, tena kwa bidii: kinaimba huku kinajaza fleshi, kinajaza fleshi huku kinaimba. Nikaegemea kaunta kusubiri zamu yangu. Macho yakaangukia kitufe chake cha kuwashia. Cheusi. Matundu manne. Kifungo changu cha koti.

Nikaacha kusubiri zamu.

"Daktari," nikasema, "mgonjwa huyu ni nani?"

"Aa, mama, karibu! Hiyo? Hiyo ni mashine ya kazi tu."

"Ya kazi ya nani?"

Akakiangalia kifungo, akaniangalia mimi, akapunguza muziki. Wale vijana nao wakanyamaza, maana hakuna asiyejua kunusa ugomvi. "Mama, twende tukaongelee nje," akasema.

"Tutaongelea hapa hapa. Mashine hii imekufa. Tumeipokelea pole. Kinyozi amezima muziki kwa ajili yake. Hebu niambie, imefufuka lini?"

Daktari akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Haikufa, mama. Ilikuwa vumbi, na feni yake ya ndani imeganda. Nilisafisha, nikabadilisha feni, ikawaka siku ile ile. Nikampigia simu mwanawe aje aichukue."

"Akaja?"

"Akaja. Akaniuliza, hii itadumu? Nikamwambia, hii bado itakwenda sana. Nilidhani atafurahi. Akakaa pale kwenye kopo la rangi ameshika kichwa, muda mrefu tu. Halafu akasema, 'Mtu yeyote akiuliza, mwambie imekufa. Baki nayo wewe.'"

"Na wewe ukabaki nayo."

"Mama, mtu anakupa mashine nzima, unasemaje?"

"Unamuuliza kama ni yake! Ndivyo unavyosema!" Hapo nakiri nilipaza sauti, na kijana mmoja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma hatua mbili. "Vilivyomo umevifuta?"

"Hata kimoja. Nimeongeza nyimbo tu pembeni."

"Haya. Beba mgonjwa wako."

Alidhani natania. Sikuwa natania. Nilimpitisha soko zima na koti lake jeupe, amekumbatia kisanduku, mimi mbele napasua njia. Waliouliza kuna nini niliwajibu kwamba daktari anamrudisha mgonjwa nyumbani. Alikuwa anatoka jasho, na mimi sikumpunguzia mwendo.

Njiani nilijiuliza kama nimwambie Bi Chapa yote. Ningeweza kusema kwamba Daktari amebahatisha, mashine imeamka, tukashangilia, na mwana akabaki mwana. Nilifikiri hivyo mpaka kwenye kona ya kinyozi. Kisha nikaikumbuka ile "ishara" yake, na zile funguo, na Bi Chapa akisema amekwisha, nikaona hapana. Mtu hawezi kufungasha maisha yake kwa uongo halafu sisi tuliojua tukae kimya kwa adabu.

Nikamwambia. Daktari amesimama katikati ya chumba, kisanduku kifuani, hajui akiweke wapi. Bi Chapa alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akamgeukia Daktari, akauliza kitu kimoja tu.

"Alisema hivyo kwa mdomo wake mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake, mama."

"Iweke mezani. Asante kwa kuitengeneza."

Shukrani hiyo ilimchoma Daktari kuliko makelele yangu yote, maana alitoka kinyumenyume na hakurudi kudai chochote. Bi Chapa akaunganisha nyaya, akabonyeza kifungo, akakaa kusubiri. Mashine ikaamka upesi kuliko zamani. Akafungua mafaili moja moja: kijana wa duka la vifaa, yupo, binti wa mama mwenye nyumba, yupo, wote wapo. Mimi nilikuwa nimeshika simu, nimeshapata namba ya Bosi, kidole kipo juu ya kitufe.

"Usimpigie," akasema bila kugeuka. "Jumamosi si anakuja? Aje mwenyewe."

Zile siku za kungoja hakusema neno kuhusu mwanawe. Alitoa stepla kwenye mfuko, akatoa kalamu, akarudisha kalenda ukutani. Habari kwamba mashine imerudi ikasambaa, wateja wakaanza kujitokeza. Alichapa kama kawaida, ila alichapa kwa nguvu mno. Nyuma ya pazia nilisikia kila herufi inavyopigwa, nikajua hizo zote si za mteja.

Jumamosi Bosi akaja, gari la mizigo limeegeshwa nje, dereva hajazima injini. Akaingia na tabasamu, na mdomo umeshafunguka kuamkia. Akaiona mashine. Tabasamu likabaki usoni, halina kazi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba," akasema Bi Chapa. Mimi sikuitikia. Nililifungua pazia lote, nikakaa nimwone vizuri.

"Kumbe... kumbe imewaka," akasema.

"Imewaka. Kaa."

"Mama, dereva ananisubiri pale."

"Kaa, mwanangu. Kiti cha wateja hicho."

Akakaa. Kwenye benchi la nje walikuwepo wateja wawili, mzee mwenye bahasha na msichana wa kuomba kazi, na mlango ulikuwa wazi. Bi Chapa akavaa miwani, akafungua ukurasa mweupe, akaweka vidole juu ya kibodi. "Haya, sema. Nakuandikia."

"Uniandikie nini, mama?"

"Barua yako kwangu. Una haja na mimi, ndiyo maana umekuja na gari. Haja yako ni ipi? Sema, nachapa."

Alicheka kidogo akinitazama mimi, kama nitamsaidia. Nikamkazia macho. Basi akaanza kwa mzaha mzaha. "Mama yangu mpendwa." Herufi zikalia. "Umefanya kazi sana kwa ajili yangu." Zikalia. "Sasa umri umekwenda, na mimi na mkwe wako tunataka uje upumzike. Kwa bahati mbaya kompyuta yako..."

Akasita.

"Kwa bahati mbaya kompyuta yako," mama yake akarudia, vidole vikingoja. "Imefanya nini?"

Tukaisikia ile feni mpya ya ndani ikizunguka. Nje dereva akazima injini.

"Mama, samahani."

"Niiandike wapi hiyo samahani? Bado hatujafika kwenye kosa."

"Jamani, si useme!" nikaropoka, na Bi Chapa akaninyooshea kidole kimoja, nikafunga mdomo. Funguo za gari Bosi alikuwa amezibana kiganjani. Akasema, macho chini, "Kompyuta yako haikufa. Mimi ndiye niliyemwambia Daktari aseme imekufa."

Bi Chapa akaifuta ile "bahati mbaya", akachapa yote, hata nukta. Kisha akamsomea, kwa sauti ile ile anayowasomea watu wote, hakuipandisha wala hakuishusha: "Mama yangu mpendwa. Umefanya kazi sana kwa ajili yangu. Sasa umri umekwenda, na mimi na mkwe wako tunataka uje upumzike. Kompyuta yako haikufa. Mimi ndiye niliyemwambia Daktari aseme imekufa." Yule mzee wa bahasha nje akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwepo.

"Hiyo ya kupumzika itoe," akasema Bosi.

"Kwa nini?"

"Si kweli, mama. Tumezidiwa. Mke wangu anasinzia amesimama. Watoto hatuna wa kumwachia, mimi kazini nimeshapewa onyo kwa kuchelewa. Nilijua kazi yako huwezi kuiacha. Nikaona mashine ikiisha yenyewe, hutakuwa na wa kumlaumu, utakuja tu."

Nitasema ukweli: hapo kidogo nilimwonea huruma. Kidogo. Hasira yangu ilisogea ikaipisha, kisha ikarudi kukaa mahali pake.

Bi Chapa alivua miwani, na ndipo kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti. "Ulinifanya nipokee pole za watu! Mwalimu mkuu nimempa mkono nikamuaga. Mwenzangu huyu nimemwambia atafute mtu mwingine. Nilikuwa nalala nikijiambia kwamba nimekwisha, kwamba hata mashine imenichoka. Wewe ulikuwa unaniona. Ulikaa hapo hapo ulipokaa sasa, ukaniona, ukasema ishara!" Akapiga meza kwa kiganja, kipanya kikaruka. "Kwa feni, mwanangu! Kwa feni na vumbi!"

Bosi alijifuta uso kwa mkono wa shati. Hakujitetea. "Na watoto, mama?" akauliza mwishoni, kwa sauti ya mtu asiyetegemea jibu.

Bi Chapa akamtazama. Hasira ilikuwa bado ipo usoni, lakini chini yake niliona kitu kingine kilichoniuma zaidi.

"Ungeniomba, ningekuja," akasema. "Magoti haya yananiambia niache kila siku. Ungekaa hapo ukasema, mama, tumezidiwa, kama ulivyosema sasa hivi, hii mashine ningeizima mwenyewe siku ile ile, na nisingegeuka nyuma."

"Basi nakuomba sasa."

Alivaa miwani yake taratibu, akatazama mlangoni, kwenye benchi, ambako mzee wa bahasha alikuwa ameshaanza kunyanyuka.

"Sasa nina wateja," akasema. "Inuka, baba, mwenzako akae."